Mkono wa Kushoto wa Mchoraji

Ukiingia kwa mchoraji wa tatuu, macho yako yatakwenda moja kwa moja kwenye mkono wa kulia, kwa kuwa ndio ulioshika mashine na ndio unaotoa sauti. Mimi hutazama wa kushoto. Huo ndio unaoivuta ngozi. Kidole gumba kinasukuma huku, kiganja kinakaza kule, na katikati ngozi inatandazika mpaka haina mkunjo wa kuiyumbisha sindano. Ngozi ikilegea, mstari hutetemeka, hata kama mkono wa kulia hauna kosa. Fundi mmoja wa Ruiru ninayependa kumtazama akifanya kazi huvuta ngozi, akaiachia, akaivuta tena kwa upande mwingine, na mashine bado hajaiwasha. Anaisoma. Ngozi ya bega haivutiki kama ya upande wa ndani wa mkono, na mgongo wa mtu aliyebeba mizigo miaka kumi si sawa na wa mwanafunzi wa chuo.

Wabeba mizigo wa namna hiyo anawafahamu vyema, maana kati ya Thika na Ruiru sare haiko mbali. Thika ina kambi ya wahandisi wa Jeshi la Nchi Kavu, kikosi cha 12. Ruiru ina chuo cha mafunzo cha Idara ya Magereza, na ukiendelea kidogo kuelekea Nairobi unaikuta kambi ya Kahawa. Sehemu hizi zilizoea buti tangu enzi za mkoloni: majengo yaliyogeuzwa kuwa Chuo cha Kenyatta mwaka 1965, ambacho leo ni chuo kikuu, yalikuwa kambi ya Waingereza iliyoitwa Templer. Ndiyo maana katika vyumba vidogo vya kuchorea, vilivyobanana na vinyozi na saluni, huingia mara kwa mara mtu ambaye mwili wake una mwenyewe mwingine, yaani serikali.

Serikali hiyo huukagua mwili tangu siku ya kwanza. Kijana anayetaka kuandikishwa jeshini huvua shati uwanjani mbele ya watu. Hupimwa urefu, usiopungua mita 1.60, na uzito, usiopungua kilo 54.55 kwa mwanamume na 50 kwa mwanamke. Kinywa kinafunguliwa, nyayo zinatazamwa. Kwingineko duniani majeshi yamelegeza kamba kuhusu michoro: Uingereza iliruhusu ya mikononi na nyuma ya shingo mwaka 2014, na Jeshi la Nchi Kavu la Marekani likafuata njia hiyo mwaka 2022. Huku kwetu tahadhari ni kubwa zaidi. Kila kijana wa mitaa ya hapa, kama Makongeni au Kihunguro, ameshaambiwa na mjomba wake kwamba mchoro unaoonekana unaweza kumrudisha nyumbani kabla hajakimbia hata hatua moja.

Kwa sababu hiyo fundi wetu huanza na nguo. Picha itafuata. Humwambia askari avae fulana ya mikono mifupi, kisha ampigie saluti. Mtu asiyeijua kazi hii atadhani ni mzaha, lakini saluti hupandisha ukingo wa mkono wa fulana kwa vidole kadhaa, na kilichofichika mtu akiwa amesimama wima hujitokeza mkono unapoinuka. Humwomba pia ainame kama anayefunga kamba za buti, anyooshe mikono mbele kama aliyeshika bunduki, ageuze shingo kushoto na kulia. Kila nguo inapofikia, anaweka alama ndogo ya kalamu. Alama zikishatimia, mpaka umechorwa, na picha itakaa ndani ya mpaka huo ikiwa na nafasi ya kupumua. Nimemwona akikataa kushusha bawa la tai kwa upana wa kidole kimoja, mteja akisihi. Aliipunguza tai nzima badala yake, akaichora upya kwenye karatasi, na ile ndogo ilikuwa nzuri kuliko ya kwanza.

Karatasi ya kunakilia ikishabandikwa na kubanduliwa, ngozi inabaki na mistari ya zambarau. Hapo ndipo ninapoona askari na fundi wakihitaji kuelewana. Raia hujikunyata sindano inapogusa. Askari hujikaza, kwa kuwa amefundishwa kutulia kwenye gwaride jua likiwaka, na huko kujikaza ni tabu nyingine: msuli uliokakamaa huisukuma sindano nje, na rangi inashika nusunusu. "Afande, shusha bega," fundi humwambia, kisha humuuliza habari za nyumbani, za shamba, za timu yake, mpaka bega lishuke lenyewe. Ubavuni kazi ni ngumu zaidi kwa sababu kifua hakiachi kupanda na kushuka. Pale fundi huvuta mstari mfupi pumzi inapokwisha kutoka, akanyanyua sindano pumzi inapoingia, sawa na mlenga shabaha anavyongoja pumzi itoke ndipo abonyeze kifyatulio. Askari anaielewa kazi hiyo bila kuelezwa. Baada ya dakika chache wawili hao wanapumua kwa mwendo mmoja.

Na sindano inakwenda wapi? Milimita moja hadi mbili, basi. Tabaka la juu la ngozi hujibadilisha kila baada ya wiki chache, kwa hiyo wino ulioishia huko hupukutika nalo. Ukizidisha kina, wino unasambaa chini ya ngozi na mstari unapata kivuli cha buluu ambacho hakuna anayeweza kukifuta kwa kitambaa. Katikati kuna tabaka jembamba linalohifadhi, na fundi hulitambua kwa mtetemo unaomrudia vidoleni. Linavyohifadhi ni jambo la kustaajabisha. Wino unapoingia, askari wa mwili, zile chembe zinazolinda damu na nyama dhidi ya vitu vya kigeni, huukimbilia na kuumeza. Hawawezi kuusaga, basi hukaa nao. Mwaka 2018 watafiti wa Marseille, Ufaransa, walionyesha kwa kuchunguza panya kwamba chembe hizo zinapokufa huuachia wino, na chembe mpya zinazochukua lindo huumeza tena palepale. Tatuu hudumu kwa kupokezana zamu.

Ngozi yetu nyeusi ina masharti yake, na fundi aliyejifunzia kwenye picha za mitandao, ambako wengi ni weupe, hupotea mapema. Weusi wa ngozi uko kwenye tabaka la juu, wino uko chini yake. Kila rangi tunaiona kupitia rangi ya mtu mwenyewe, kwa hiyo njano na waridi hufifia, na picha iliyojaa vijistari hugeuka kiwingu. Mistari minene, nafasi pana, na ngozi tupu iliyoachwa ifanye kazi ya mwanga: huo ndio ujuzi. Wengi huupata kwa kuchora machungwa kwanza, kisha ngozi ya nguruwe kutoka buchani, miezi na miezi, kabla ya kumgusa binadamu.

Tena kuna kovu. Ngozi za watu wetu huwa na wepesi wa kuvimba juu ya kidonda, hasa mabegani na kifuani, mahali ambapo askari wengi hutaka wachorwe. Kwa Waturkana na Wapokot wepesi huo ulikuwa ndio kusudi lenyewe: shujaa aliyemuua adui alichanjwa, na kovu lililoinuka likawa ushahidi wake mbele ya watu. Mafundi wa zamani waliita uvimbe uje, ulingane safu kwa safu. Fundi wa leo, mwenye mashine ambayo hataza yake ya kwanza ilitolewa kwa Samuel O'Reilly wa New York mwaka 1891, anautafuta uvimbe uleule ili aukwepe. Huuliza kuhusu makovu ya zamani, hupapasa alama ya chanjo ya utotoni, na akiwa na shaka huchora nukta moja tu na kumwambia mteja arudi baada ya miezi kadhaa. Mimi nauheshimu ukale huo na usasa huu kwa kiwango kimoja, kwa kuwa pande zote mbili zimeijua ngozi kwa kuigusa.

Sindano mpya hufunguliwa mbele ya macho ya mteja, wino humiminwa kwenye kikombe kidogo na kinachobaki hutupwa. Kwa kila mtu ni lazima, kwa sababu ya homa ya ini na Ukimwi. Kwa askari kuna sababu ya ziada, kwani wenzake wanaweza kuhitaji damu yake. Kisha huja swali ambalo sikulitarajia nilipolisikia mara ya kwanza: "Likizo inaisha lini?" Mchoro mpya ni kidonda. Unataka wiki mbili tatu bila mkanda wa begi kuusugua, bila jasho la mafunzo, bila kulowekwa majini. Aliyebakiwa na siku tano hachorwi begani, hata akiongeza pesa. Fundi humpa tarehe ya likizo ijayo.

Wapo wanaotaka tarehe tupu. Mashambulizi dhidi ya wanajeshi wetu huko Somalia, ya El Adde, 15 Januari 2016, na ya Kulbiyow, 27 Januari 2017, yaliacha kambi nyingi na majina ya kukumbuka, na tarehe kama hiyo ubavuni haihitaji neno la kuifafanua. Wengine wamesubiri hadi kustaafu ndipo wakachorwa. Kuchora tarakimu huonekana rahisi, kumbe ni mtihani. Wino hupanuka polepole mwaka baada ya mwaka, na tundu la 6 lililochorwa dogo litazibika, 0 itakuwa doa, 1 mbili zilizokaribiana zitashikana. Kwa hiyo fundi huchora matundu makubwa kuliko jicho linavyotaka leo, na kuachanisha tarakimu hadi mteja alalamike kidogo. Humwonyesha kwenye simu picha za michoro aliyoichora zamani, kila mmoja mwaka alipoumaliza na huohuo miaka mingi baadaye, kisha humwachia aamue. Wengi hukubali. Baada ya wiki sita huwaita warudi bila malipo, akavuta tena ngozi kwa mkono wa kushoto, chini ya taa, akitafuta mahali wino haukushika.