Kaskuta Hunusa: Ushahidi Ulivyojengwa

Mche wa kaskuta, mmea unaonyonya mimea mingine, huanza maisha na akiba ndogo ya chakula iliyomo kwenye mbegu. Hauna majani, klorofili yake haitoshi kuulisha, na mzizi wake ni wa muda tu. Usipopata mmea wa kunyonya ndani ya siku chache, hufa. Je, huutafuta kwa kubahatisha?

Mwaka 2006, katika jarida la Science, Justin Runyon, Mark Mescher na Consuelo De Moraes wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, Marekani, walionyesha kuwa sivyo. Ubora wa kazi yao uko katika namna walivyoondoa, moja baada ya jingine, kila jibu lililoweza kupotosha.

Kwanza waliweka miche ya kaskuta karibu na mnyanya. Asilimia 80 ya miche ilikua kuelekea mnyanya. Labda ilifuata unyevu? Chungu cha udongo mbichi usio na mmea hakikuivuta. Labda ni umbo au rangi? Mimea bandia na chupa za maji ya rangi hazikuivuta pia. Ndipo wakautenga mnyanya kwenye chumba chake na kuiruhusu hewa yake ipite kwenye mirija iliyopinda, mwanga usipenye. Miche mingi bado ilielekea hewa ilikotoka. Mwisho walikusanya harufu ya mnyanya na kuiweka peke yake, bila mmea. Miche iliifuata. Hapo hoja ilikamilika.

Wakaenda mbali zaidi. Kati ya mnyanya na ngano, kaskuta ilichagua mnyanya. Ngano nayo ina kemikali inayoivuta, lakini hutoa nyingine inayoifukuza.

Ikishafika, kaskuta hujisokota kwenye shina, hupenyeza vinyonyeo hadi kwenye mishipa ya maji na chakula, kisha mzizi wake hunyauka. Mlangamia wa mwambao wetu huishi vivyo hivyo, ingawa ni wa jamaa ya mparachichi na kaskuta ni ya jamaa ya kiazi kitamu: maumbile yameifikia njia hii zaidi ya mara moja.

Mkulima, ukiiona kaskuta shambani, usiing'oe na kuitupa kando, kwa kuwa kipande cha shina huweza kushika mmea mwingine. Kata pamoja na tawi lililoshikwa na uchome moto kabla haijatoa mbegu, maana mbegu zake hudumu ardhini miaka mingi.