Baada ya Hukumu ya Jimbo, Nyumba Inaokolewaje?

Nchini Marekani, mwenye nyumba akishindwa kesi ya rehani katika mahakama ya jimbo, mara nyingi hukimbilia mahakama ya wilaya ya shirikisho akidhani ndiyo iliyo juu. Haiko juu. Rufaa hupanda ndani ya jimbo lenyewe, kisha aliyeshindwa huomba kusikilizwa na Mahakama ya Juu ya Marekani ndani ya siku 90. Kanuni kwamba mahakama ya wilaya ya shirikisho haiwezi kuipitia hukumu ya jimbo inaitwa Rooker-Feldman, kutokana na mashauri ya mwaka 1923 na 1983. Mwaka 2005 Jaji Ruth Bader Ginsburg wa Mahakama ya Juu aliibana: inamhusu aliyeshindwa jimboni, anayelalamikia madhara ya hukumu yenyewe, iliyotoka kabla hajafungua kesi ya shirikisho, na anayetaka hukumu hiyo itenguliwe.

Ndiyo maana hati ya madai isomwe kuanzia mwisho, penye nafuu zinazoombwa. Chukua shauri la Connecticut lililoamuliwa na Mahakama ya Rufaa ya Kanda ya Pili mwaka 2014. Mdai alisema nyumba yake ilichukuliwa kwa ulaghai. Aliomba arudishiwe umiliki, na pia alipwe fidia. Majaji walizitenganisha nafuu hizo mbili. Umiliki haukuwezekana, kwa kuwa kumrudishia kungekuwa ni kuitengua hukumu ya jimbo. Fidia ilivuka kizingiti hicho, maana kulipwa fedha kwa ajili ya ulaghai hakubadilishi hukumu. Hata hivyo nayo ilikwama mbele kidogo: hoja ya ulaghai ingeweza kutolewa wakati kesi ya rehani ikisikilizwa jimboni, hivyo ikahesabiwa kuwa shauri lililokwisha kuamuliwa.

Kwa mtu aliyesimama jimboni bila wakili, huu ni ukali mkubwa. Anapoteza hoja ambayo hakujua kuwa alikuwa nayo.

Huko Texas na California, ambako nyumba nyingi huuzwa bila kupitia mahakamani, mara nyingi hakuna hukumu ya kutengua, na Rooker-Feldman haiingii.

Kuhusu kuzuia mnada, sheria yenye asili ya mwaka 1793 inazikataza mahakama za shirikisho kusimamisha mashauri ya majimbo, isipokuwa kwa sababu chache. Mojawapo ni kufilisika, na hapo ndipo ninapoona tumaini la kweli. Mdaiwa akifungua ombi chini ya Sura ya 13, kwa kawaida mnada husimama papo hapo, bila jaji kutoa amri yoyote. Hapingi hukumu ya jimbo. Anakubali deni na kuomba muda, kisha hulipa malimbikizo kwa mpango wa miaka mitatu hadi mitano huku akiendelea na rejesho la kila mwezi. Sheria inampa haki hiyo mpaka nyumba iuzwe katika mnada uliofuata taratibu. Kwa hiyo wakili anayeijua kazi hii huuliza kwanza tarehe ya mnada, ndipo aombe kuiona hukumu.