Vipande Vitatu vya Chuma

Gari lile la kujitengenezea nyumbani, hapa Dallas, Embu, mmeliona. Mmeliona likitoka uani, mmeliona likipanda kuelekea Runyenjes, na video yake imezunguka kwenye simu za watu. Mimi nimelala chini yake na tochi, kwa hiyo niseme mapema ili tusipotezeane muda: kijana aliyelijenga ana mkono wa fundi wa kweli, lakini alipong'oa maunti za mpira zinazoshika injini na kuweka chuma, alikosea. Sisemi ningefanya tofauti. Nasema alikosea.

Kazi nyingine ni nzuri na nitaipita upesi. Chesisi ya paipu za mstatili za 100 kwa 50 imenyooka, kona zimetiwa vibati vya kukazia, ekseli na springi za Hilux zimekaa sawa, na breki zinashika magurudumu yote manne.

Injini ni 3L ya Toyota, ile dizeli ya sentimita za ujazo 2,779 iliyobeba Hiace za matatu nchi nzima, pamoja na giaboksi yake. Mwanzoni ilikaa juu ya mpira. Kwenye kilima, gia ya kwanza, injini ikainuka upande wa kushoto, feni ikakwangua rejeta. Kijana akakasirika, na nani hangekasirika, rejeta zilivyo ghali? Lakini badala ya kuuliza kwa nini injini inainuka kiasi hicho, aliamua isisogee kabisa. Chuma kushoto, chuma kulia, na cha tatu chini ya mkia wa giaboksi. Vyote vikachomelewa, na video ikapigwa kuonyesha injini ilivyotulia tuli.

Tuanze na huko kuinuka, maana si ugonjwa. Krenki ikizunguka upande mmoja, bloku inasukumwa upande wa pili. Injini ya namna hii, yenye propela kwenda nyuma, huinuka kushoto gari linapokwenda mbele, na kulia likirudi rivasi. Piga hesabu. 3L inatoa nyutonimita 190 hivi. Gia ya kwanza, tuseme, inazidisha mara 4: hiyo ni 760. Kama maunti mbili za mbele zimeachana nusu mita, kila moja inapokea nguvu ya uzito wa kilo 150 au zaidi, moja ikivutwa juu, nyingine ikikandamizwa. Nguvu hiyo haipotei kwa sababu umeweka chuma. Inahamia kwenye weldi.

Halafu kuna mtikisiko. Silinda nne, mizunguko 750 kwa dakika gari likiwa limesimama: mapigo 25 kila sekunde. Mpira wenye ulaini unaofaa hubonyea milimita 2 au 3 chini ya uzito wa injini, na ukibonyea hivyo mwendo wake wa asili, yaani jinsi injini inavyocheza juu yake ikiachwa yenyewe, ni kama mara 10 kwa sekunde, chini kabisa ya yale mapigo 25. Hapo mtikisiko mwingi unaishia kwenye mpira. Rula inatosha kupima. Mafundi wetu hawapimi, na hapa narudia lalamiko langu la miaka yote kuhusu maunti zinazokatwa kwenye tairi kuukuu la lori. Tairi lina nyuzi ndani, halibonyei. Likishuka nusu milimita tu, mwendo wake wa asili unapanda hadi karibu mara 22 kwa sekunde, jirani kabisa na mapigo ya injini, na ndiyo maana pikapu za namna hiyo hutetemeka vibaya zaidi zikiwa zimesimama kwenye stendi. Mteja anaambiwa ni injekta. Anabadilisha injekta, pesa zinakwenda, gari linaendelea kutetemeka.

Sasa chuma. Chuma hakizuii kitu. Mapigo 25 kila sekunde, na zaidi ya 80 ukishaongeza mafuta, yanaingia moja kwa moja kwenye chesisi, kwenye rejeta, kwenye paipu nyembamba za injekta, kwenye kila nati. Nilipomulika krosimemba niliona ufa, urefu wa ukucha, ukianzia ncha ya weldi ya maunti ya kulia, pale paipu ilipopata moto mwingi. Rangi ilikuwa imebanduka kandokando yake na vumbi la kutu limeanza kutoka. Gari hilo halijabeba hata mzigo mmoja wa maana.

Lakini ufa si jambo linaloniudhi zaidi. Kinachoniudhi ni kile kipande cha tatu, cha nyuma, na hapa naomba mvumilie kidogo. Chesisi ya ngazi, iliyochomelewa nyumbani au kiwandani, hujipinda. Gurudumu la mbele kushoto likiingia shimo kwenye barabara za vumbi za Mbeere, mbele ya chesisi inalala upande mmoja na nyuma upande mwingine. Ni sawa, ndivyo inavyotakiwa. Injini nayo hufungwa pointi tatu ili chesisi ijipinde bila kuikamua. Najua nitajibiwa kwamba hata yeye ameweka tatu. Ameweka, lakini cha nyuma kimekaa kwenye bamba pana kwa boliti mbili, bila mpira, kwa hiyo hakizunguki. Bloku ya chuma cha kumimina na giaboksi ya aluminiamu zimegeuzwa krosimemba ya kuzuia chesisi isijipinde. Kati ya hizo zote, kitakachokubali kuvunjika kwanza ni masikio ya aluminiamu ya giaboksi. Tayari kuna unga wa kijivu unaong'aa kuzunguka boliti ya kushoto. Aluminiamu inasagika.

Angebakiza mpira mmoja tu, ule wa nyuma, ningeandika makala mafupi.

Hili jambo lilishatatuliwa kabla ya wengi wetu kuzaliwa. Mwaka 1931 Plymouth ilitoa gari ambalo injini yake ya silinda nne ilining'inia kwenye mpira pointi mbili, moja juu mbele na moja chini nyuma, ili izunguke kwenye mstari unaopita katika kitovu cha uzito wake yenyewe. Mwaka uliofuata Citroën ikanunua ruhusa ya kutumia mbinu hiyo. Watu wale waliiachia injini icheze, wakachagua icheze wapi. Na mpira nao una hatari zake, sikatai. Mwishoni mwa 1971 General Motors iliita magari ya Chevrolet karibu milioni 6.7 kwa sababu maunti zilikuwa zikikatika, injini inainuka, inavuta mafuta yenyewe. Dawa yao ilikuwa kebo fupi ya chuma ya kuzuia injini isiinuke kupita kiasi. Mpira ulibaki pale pale. Kampuni yenye pesa zote zile haikuweka chuma kitupu, na kijana wetu aliona chuma ndicho jibu la siku moja.

Kizazi kinachochomelea kila kinachotikisika hakikumwona Joginder Singh. Alikuwa fundi kabla ya kuwa bingwa wa mbio za magari, akachukua mbio za Safari za 1965 kwa Volvo PV544 iliyokwishatumika, kisha 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Wala hakikuiona Peugeot 504 ya Ove Andersson ikishinda 1975, gari lililopendwa Kenya nzima kwa sababu springi zake zilikuwa ndefu na laini, likameza mashimo yaliyovunja magari magumu kuliko lenyewe. Wazee wale walijua kipi kikazwe na kipi kiachwe kicheze. Leo mashine ya kuchomelea imekuwa jibu kabla swali halijaulizwa.

Na swali lilikuwa rahisi. Maunti za kwanza bado zipo, zimetupwa nyuma ya nyumba. Nilizibonyeza kwa kidole: zimevimba, laini kama ugali uliopoa vibaya, kwa sababu paipu ya kurudisha dizeli ilikuwa ikizidondoshea. Mpira wa asili na dizeli havipatani. Isitoshe, aliziweka chini kabisa ya bloku na karibu karibu, mahali ambapo injini hupata nafasi kubwa ya kuyumba. Mpira mpya, ukipandishwa juu kidogo na kuinamishwa ili pande mbili zitazamane kwa pembe, pamoja na mnyororo mfupi upande wa kushoto ulioachiwa milimita 10 za kulegea, ungemaliza kazi. Feni angeisogeza, au aweke ya umeme. Paipu ya ekzosi ipate kipande kinachopinda, na kebo ya mafuta iachiwe ulegevu.

Bado hajachelewa. Ule ufa atoboe tundu dogo mwisho wake kabla ya kuuchomelea, la sivyo utaendelea chini ya weldi mpya, kisha afunike kwa bamba. Vipande vya mbele vinaweza kusubiri maunti mpya zipatikane. Cha nyuma hakiwezi. Jeki chini ya giaboksi, grainda, mpira wa Hiace mahali pake: ni kazi ya asubuhi moja, na ifanyike kabla gari halijapakiwa muguka wala kupelekwa kwenye vilima vya Chuka.