Kuisoma Kazi ya Fundi: Pikipiki Iliyotumika Makiso

Anayeuza pikipiki iliyotumika mjini Kisangani hukuonyesha kwanza rangi ya tangi, kisha huiwasha uisikilize. Wewe omba kijitabu. TVS na Bajaj Boxer, wanazozipenda motari, waendesha pikipiki za abiria wa komini ya Makiso, hutoka kiwandani na kijitabu cha huduma chenye kurasa za kugongwa mhuri, na garanti kama bado ipo, masharti yake yamo humo: huduma ifanywe kwa wakati wake, na fundi anayetambuliwa na duka lililoiuza ikiwa mpya, kwa vipuri na oili inayokubaliwa na kiwanda. Ukurasa mmoja ukikosekana, duka limepata sababu ya kukukatalia siku gia zitakapogoma.

Ila mhuri hugongwa kwa nukta moja, na valvu hazirekebishwi kwa nukta moja. Ndiyo maana mnunuzi anayejua hukisoma kijitabu na chuma pamoja. Linganisha namba ya injini na namba ya fremu na zile zilizoandikwa ukurasa wa mbele. Tazama huduma ya kwanza ilifanyika lini: kwa pikipiki nyingi huwa kati ya kilometa 500 na 1,000, kwa sababu chuma kipya husagana na chembe zake hubaki kwenye oili. Kisha zungusha gurudumu la mbele uone kama mita inasogea. Waya wa mita ukikatika na mwenyewe akaendelea kufanya kazi hivyo hivyo miezi kadhaa, kilometa zote zilizoandikwa baada ya hapo ni za kubahatisha. Na kabla pesa haijatoka mfukoni, nenda na muuzaji mpaka dukani ilikonunuliwa, mkaulize mkiwa wote wawili kama garanti inahamia kwa mwenye mali wa pili. Kuna zinazohama kwa kuandikishwa upya, kuna zinazokufa pikipiki inapouzwa.

Sasa fundi mwenyewe. Mimi humpima kwa mpangilio wa kazi yake kabla ya vifaa vyake. Akiletewa pikipiki iliyotoka kubeba abiria hadi uwanja wa ndege wa Bangboka na kurudi, fundi wa kweli haifungui. Anasema, “Papa, iache ipoe kwanza, uje mchana.” Nafasi kati ya valvu na roka yake ni ndogo sana, sehemu ya kumi ya milimita au pungufu, na chuma kikipata moto hutanuka, ukipima injini ikiwa ya moto umepima kitu kingine kabisa. Kwa hiyo anaanza na valvu injini ikiwa baridi, anaizungusha polepole mpaka pistoni ifike juu na valvu zote mbili zikiwa zimefunga, anapitisha kibapa cha kupimia mpaka kiteleze kwa kukwaruza kidogo. Akikaza nati, anapima tena, maana kukaza kwenyewe huisogeza skrubu. Hapo ndipo anaiwasha dakika chache oili ilegee, aizime, aimwage. Anayefanya vidanje, yaani kumwaga oili, kwanza halafu akafungua kifuniko cha valvu kikiwa bado kinachoma vidole, mhuri wake siutaki hata kama duka linamtambua.

Wanunuzi wengi huvutiwa na injini iliyo kimya. Mimi ukimya huo hunitia shaka. Valvu zilizorekebishwa sawa hulia tiki-tiki laini kwa mpigo mmoja. Zikibanwa mno hazifungi vizuri, moto hupenya pembeni, kingo zinaungua, na kila asubuhi unapiga kiki mpaka jasho likutoke.

Kwenye oili, tazama kopo likifunguliwa mbele ya macho yako. Klachi ya pikipiki hizi huoga katika oili ileile ya injini, kwa hiyo oili ya gari yenye dawa za kupunguza msuguano huifanya iteleze: injini inanguruma, gurudumu halivuti. Kopo linalofaa lina alama ya JASO MA, na kwa joto letu 20W-50 ndiyo iliyozoeleka. Oili hupimwa pikipiki ikiwa imesimama wima, kamwe isiwe imeegemea stendi ya upande. Fundi anayejali pia hufungua skrubu iliyo chini ya bakuli la kabureta na kukinga petroli kwenye kikombe cha kioo, kwani petroli ya chupa inayouzwa na akina Kadhafi, wachuuzi wa kando ya barabara, mara nyingine huwa na maji, nayo hulala chini ya petroli ukayaona wazi.

Halafu cheni. Piga magoti, tafuta kiungo chake cha kufungulia. Kina kibanio kidogo chenye upande uliozibwa na upande ulioachama. Upande uliozibwa lazima utangulie kule cheni inakoelekea. Ukigeuzwa, jiwe moja la barabara ya Buta laweza kukichomoa. Ni kazi ya sekunde tano, haina ukurasa wa kugongwa mhuri, nayo huniambia zaidi ya mihuri mitatu. Kisha zungusha gurudumu la nyuma huku ukiinua cheni kwa kidole: ikilegea hapa na kukaza pale, imeliwa, na vumbi jekundu la huku huila haraka likichanganyika na oili chafu. Inabadilishwa pamoja na meno yake ya mbele na ya nyuma, si cheni peke yake.

Vichwa vya bolti vilivyotafunwa na koleo vinajieleza.

Usitarajie garanti ikulipie kila kitu. Viatu vya breki, cheni, sahani za klachi, plagi, waya na balbu huhesabiwa kuwa vitu vya kuliwa na kazi, na kwa kawaida havimo. Ili usipoteze kile inacholipia, huduma ikiisha, mwambie fundi aandike tarehe, kilometa, alichobadilisha na jina la oili, si mhuri pekee. Risiti za vipuri zibanwe ndani ya kijitabu. Mita ikibadilishwa, iandikwe namba iliyosomeka kwenye ile ya zamani na ile mpya ilipoanzia. Vipuri vilivyotolewa ondoka navyo. Plagi ya zamani yenye rangi ya kahawia hafifu inaonyesha injini inachoma sawa. Nyeusi yenye masizi, petroli imezidi. Nyeupe, hewa imezidi, na hiyo irudishe kwa fundi siku hiyohiyo.