Herufi Nyembamba za Mwandiko

Msomaji, itazame kadi ya harusi iliyopigwa chapa hapa Kenyenya. Huenda majina ya bwana arusi na bibi arusi yamewekwa kwa herufi nyembamba zilizoinama, zenye mikia mirefu, zilizoshikana kama mwandiko wa mtu. Lakini hazikuandikwa kwa mkono. Zimetoka katika kompyuta. Yafaa tuupime uzuri wake na matumizi yake.

Asili yake ni kalamu ya nibu yenye ncha kali. Mwandishi alipoivuta chini kwa nguvu, nibu ilipanuka na mstari ukawa mnene; alipoipandisha kwa wepesi, ulibaki uzi tu. Charles Snell, mwalimu wa mwandiko wa London aliyefariki mwaka 1733, alikuwa hodari wa hati ya namna hii. Katika miaka ya 1960 Matthew Carter aliufuata mwandiko huo akachora herufi za chapa ziitwazo Snell Roundhand.

Uzuri wa herufi hizi umo katika kupishana kwa unene na wembamba. Liandike jina Kwamboka: herufi kubwa yatangulia kwa madaha, ndogo zafuata kwa utulivu. Sasa liandike lote kwa herufi kubwa, KWAMBOKA. Mikia yaingiliana, na jicho halijui lishike wapi. Herufi kubwa za aina hii zilifanywa ziongoze, hazikufanywa ziandamane.

Kasoro kubwa zaidi huonekana katika ratiba ya mazishi. Karatasi hiyo hunakiliwa mara nyingi, na mashine ya kunakili huzila nyuzi nyembamba za herufi. Herufi u husomeka kama n. Jamaa anayesafiri kutoka mbali ataka kujua siku, saa na boma. Mama mzee ataka kuliona jina la mwanawe. Jina la marehemu likisomwa kuwa la mtu mwingine, pambo limemdhulumu yule lililokusudiwa kumheshimu.

Wako wasemao kwamba herufi za kawaida ni kavu mno kwa jambo zito kama hilo. Hoja yao ina uzito, kwani huzuni nayo hustahili kupambwa. Lakini mchongaji wa mawe laini wa Tabaka hupenda pia shingo nyembamba ya twiga, ila huupima wembamba huo kwa nguvu ya jiwe, ili shingo isivunjike mikononi mwa mnunuzi.

Basi, ewe mwanafunzi, utakapotumwa kutayarisha karatasi ya namna hiyo, weka herufi za mwandiko katika maneno mawili au matatu ya juu, tena kwa ukubwa wa kutosha. Majina, tarehe na mahali uyaweke kwa herufi zilizo wazi. Kisha mpe mzee mmoja nakala, umwombe alisome jina kwa sauti. Akisita, badili herufi kabla ya kuchapa nyingine.