Baraza ya Nje na Ukuta Wangu

Anayekwenda Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, huambiwa kwamba anakwenda kuiona nyumba ya Livingstone. Nami nilikwenda kwa jina hilo, mara ya kwanza nikiwa mwanafunzi, mara ya mwisho nikiwa mtu mzima mwenye mvi na jambo linalonikera moyoni. Livingstone hakuijenga nyumba ile. Ni tembe ya Kiarabu ya zama za misafara, naye alikuwa mgeni tu ndani yake. Alifika pamoja na Stanley mwezi wa Februari 1872. Machi Stanley akashika njia ya pwani, mzee akabaki akingoja wapagazi mpaka Agosti. Mtu aliyengoja miezi mitano huijua nyumba pengine kuliko fundi wake. Lakini mgeni wa leo huonyeshwa maandishi na picha, hupita chumba hadi chumba, kisha hutoka. Hakuna anayemwambia aketi.

Na kuketi ndiyo kazi mojawapo kubwa ambayo nyumba hizi zilijengewa. Burton, aliyefika Kaze, yaani Tabora hii hii, Novemba 1857, ameeleza jinsi tembe za Waarabu zilivyokuwa: nje kuna upenu mpana unaoshikwa na nguzo nene, na chini yake kiunga cha udongo kilichoinuliwa, ambapo wanaume huketi asubuhi kabla jua halijawaka na jioni likishapoa, wakasali, wakazungumza, wakafanya biashara. Ukipita mlango unakuta ukumbi wenye viti vya udongo vilevile, vilivyotandikwa mikeka. Kisha kuna njia ya kuingilia ndani, nayo haikunyooka. Imepindwa makusudi ili jicho la mgeni ligonge ukuta.

Nataka msomaji aitazame kona hiyo. Fundi asiyejulikana jina alipanga kwa udongo na boriti kwamba mpita njia ataishia nje, mgeni ataishia ukumbini, na jamaa ndiye atakayevuka kona. Hapakuhitajika bawabu wala tangazo. Mtu alijua ni nani katika nyumba ile kwa kutazama mahali alipokaa, na kesho akiambiwa asogee ndani hatua moja, alijua pia kwamba amepanda daraja.

Wanyamwezi wenyewe walikuwa na yao. Wasafiri wa wakati ule wameandika juu ya iwanza, nyumba ya watu wote kijijini, moja ya wanaume na moja ya wanawake, ambamo watu walishinda wakipiga soga na kuvuta tumbaku. Mimi naiona iwanza kuwa ya busara zaidi kuliko baraza ya tembe kwa sababu moja: haikuwa ya tajiri yeyote. Huendi pale kumwamkia mtu. Na wanawake walikuwa na ya kwao, jambo ambalo sisi tunaojidai wastaarabu hatukulikumbuka tulipochora ramani za miji.

Maana tumezoea kuisifu baraza kana kwamba ilikuwa pepo ya udugu. Haikuwa hivyo. Mpagazi aliyebeba pembe kutoka Ujiji hakuketi kwenye mkeka ule, na mtumwa ndiyo kabisa. Mwaka 1871 vita dhidi ya Mirambo vilishauriwa na matajiri wakiwa wameketi katika nyumba za namna hii, wakila na kunywa. Wengi waliokwenda kuuawa hawakuulizwa neno. Baraza ilikutanisha watu, ni kweli, lakini iliwachagua kwanza.

Kosa la namna nyingine lilifanyika baadaye, kwa nia njema. Wakati wa Operesheni Vijiji, kati ya 1973 na 1976, watu waliokuwa wameishi kwa kutawanyika walihamishiwa kwenye vijiji vilivyopimwa kwa kamba, nyumba zikasimama safu moja kama askari. Ukaribu ulipatikana siku moja. Mazungumzo hayapimwi kwa kamba.

Sasa nirudi kwenye ile kero niliyoitaja. Nyumba ya baba yangu ilikuwa ya kawaida ya mjini: vyumba sita, ukumbi katikati, uani nyuma, na mbele baraza ya saruji iliyong'aa kwa kukaliwa. Palikuwa na bao pale tangu alasiri. Habari zote za mtaa, za harusi, za mgonjwa, za gari moshi lililochelewa, zilifika kwetu kabla ya maji ya kuoga. Mimi nilipojenga yangu nilizungusha ukuta, nikapachika vipande vya chupa juu yake, nikaweka geti la chuma na mbwa. Wezi walikuwapo, sikubuni. Mke wangu alifurahi kuliko mimi. Alisema kwa mara ya kwanza anaweza kukaa nje akasuka nywele bila macho ya wacheza bao.

Mwaka wa tatu jirani yangu wa ukuta kwa ukuta alifariki usiku. Akazikwa adhuhuri. Mimi nilitoka alfajiri kwa gari, nikarudi magharibi, nikafungua redio. Habari niliipata siku ya pili sokoni, kwa muuza nyanya. Nilipokwenda kuhani, mwanawe mkubwa alinipokea kwa adabu, akanipa mkeka. Akasema, "Tuligonga, baba. Tukamsikia mbwa." Hakuongeza neno, na sikupata la kumjibu.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimeazimia kuubomoa ukuta. Mke wangu akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama nakumbuka mama yangu alikuwa akikaa wapi wakati baba yuko barazani. Nilikumbuka. Alikaa uani, kwenye moshi, kwa miaka yote ile. Na kama baba angepenyezewa habari ya msiba naye hakuambiwa, ingekuwa juu yake kuulizia. Ukuta haukubomolewa.

Nilimwita fundi anijengee kiti cha saruji nje, kando ya geti, chini ya mwembe, chenye urefu wa kutosha watu wanne. Akauliza kigeuzwe wapi, kitazame barabara au kitazame geti. Nilisimama pale muda mrefu, yeye akichanganya zege lisigande. Nikamwambia ajenge viwili, vitazamane, na mgongo wa kimoja uwe ni ukuta wangu. Saruji haikutosha, cha pili kikatoka kifupi. Wa kwanza kukikalia alikuwa mama mmoja muuza maandazi, ambaye hakuniomba ruhusa. Siku hizi mke wangu hutoka kununua, na hukawia.