Wasifu wa Marehemu

Katika mazishi ya kwetu, msomaji mpenzi, iko saa moja ambapo kila mtu hunyamaza. Jeneza limekwisha kuwekwa mbele ya watu, kwaya imemaliza kuimba, na mmoja wa jamaa husimama na karatasi mkononi kuusoma wasifu wa marehemu. Hutaja mahali alipozaliwa, shule alizosoma, kazi aliyoifanya na watu aliowaacha. Hata maskini asiyekuwa na shamba wala ng'ombe husomewa wasifu wake. Hapo ndipo hata yule aliyekuja kumsindikiza jirani tu hujua ni nani hasa anayezikwa. Nimeanza na jambo hili kwa sababu nataka tuzungumze juu ya aina moja ya mchezo wa televisheni ambao ndani yake watu hufa kila juma, wala wasifu wao hausomwi.

Nasema juu ya mchezo wa upelelezi, na hasa ule unaohusu mauaji miongoni mwa wanamitindo. Mwanamitindo ni mtu ambaye kazi yake ni kuvaa nguo zilizobuniwa na mwingine na kupita nazo mbele ya watazamaji au mbele ya kamera, ili nguo zile zitamaniwe na kununuliwa. Michezo ya namna hii imetungwa kwa wingi huko Marekani na Uingereza, nayo hutufikia sisi tukaao Nakuru kama iwafikiavyo watu wa London. Mpango wake aghalabu ni mmoja. Usiku wa maonyesho makubwa, binti mmoja mzuri hukutwa amekufa katika chumba cha kuvalia. Wanaoshukiwa ni mwenzake aliyemwonea kijicho, mpiga picha aliyemtaka akakataliwa, wakala anayemdai fedha, na mbunifu wa mavazi mwenye siri yake. Mpelelezi huja, huuliza, hukosea njia mara moja au mbili, na dakika chache kabla ya mwisho humtaja muuaji.

Haifai mhakiki aanze kwa kulaumu. Mchezo huu una sanaa yake, nayo si ndogo. Wahenga walisema kwamba uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Kazi ya wanamitindo ni kazi ya kufunika: rangi hufunika uso, taa hufunika uchovu, na nguo ya thamani hufunika njaa ya mtu aliyekatazwa kula ili asinenepe. Kazi ya mpelelezi ni kufunua. Basi mtungaji anapomtia mpelelezi katika nyumba ya wanamitindo, amekutanisha mikono miwili inayoshindana, na mvutano wa mchezo hutoka papo hapo. Tena mtazamaji mwangalifu hupata mazoezi ya akili. Hujifunza kupima kauli mbili zisizopatana, kutazama saa, na kutomhukumu mtu kwa uso wake. Hayo yote ni faida, na mwalimu asiyeyakubali ni mwalimu asiyetenda haki.

Lakini sikiliza niliyoyaona. Siku moja niliwaonyesha wanachuo wangu, ambao nao watakuwa walimu, mchezo mmoja wa aina hii. Ulipokwisha niliwapa maswali mawili ya kujibu kwa maandishi. La kwanza: ni nani aliyeua, na kwa nini? La pili: ni nani aliyekufa? Swali la kwanza walilijibu vizuri sana, kila mmoja na ushahidi wake. Swali la pili liliwashinda. Waliikumbuka rangi ya gauni alilokutwa nalo, na wengine waliikumbuka hata mikufu. Jina lake walilikumbuka wawili tu. Alikotoka, alichokipenda, na lugha aliyozungumza na mama yake, hapana hata mmoja aliyejua.

Niliwaonyesha mchezo ule mara ya pili, tukitafuta. Tuligundua kwamba mama wa marehemu huonekana mara moja. Amesimama mlangoni, mpelelezi anamwuliza kama binti yake alikuwa na adui, naye kabla hajamaliza kujibu, picha inahama. Binti mmoja katika darasa langu akasema, "Mwalimu, yule mama hakupata nafasi hata ya kutukaribisha ndani." Sijasoma uhakiki wa mchezo ule uliosema jambo zito kuliko hilo.

Kwa nini marehemu husahauliwa hivi? Nadhani ni kwa sababu kamera ya mchezo humtazama maiti kwa jicho lile lile ambalo mnunuzi alimtazamia alipokuwa hai. Alikuwa picha, naye amekufa picha. Biashara ya mitindo yenyewe ina desturi hiyo ya kumfuta mtu ili ibaki sura. Mfano mmoja ulitokea karibu nasi. Mwaka 1975 mpiga picha wa Kimarekani, Peter Beard, alimkuta jijini Nairobi msichana wa Kisomali aitwaye Iman. Alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, binti wa balozi, na alijua lugha kadhaa. Beard alipompeleka Marekani aliwaeleza watu kwamba amemwokota nyikani akichunga mifugo. Uongo ule uliuza. Iman aliishi hata akaukanusha yeye mwenyewe, akafanya kazi kubwa na kujulikana duniani kote. Lakini fikiri, msomaji: kama angalikufa mwaka ule, ni wasifu gani ambao ungalisomwa?

Sisi wa Bonde la Ufa hatuna haja ya kwenda mbali ili tulielewe jambo hili. Kando ya Ziwa Naivasha hulimwa mawaridi yapelekwayo Ulaya kwa ndege. Mnunuzi wa huko huliona ua, hauoni mkono wa mama aliyelikata alfajiri. Uzuri unapouzwa mbali, mwenye mkono hupotea kwanza.

Sasa tuitazame michezo yetu wenyewe, maana televisheni ilianza Kenya mwaka 1962, na tangu hapo tumejifunza kutunga. Mchezo wa Vioja Mahakamani uliwachekesha Wakenya kwa miaka mingi kwa kesi za wizi mdogo na ugomvi wa majirani. Ndani yake mlalamikaji husimama kizimbani akasema yake mwenyewe, kwa lafudhi ya kwao. Katika kesi ya mauaji mlalamikaji hayupo, kwa kuwa amekufa. Hapana budi mtungaji amsemee, na hapo ndipo ustadi wake unapopimwa.

Mwaka 2021 ulianza kuonyeshwa mchezo wa Crime and Justice, ambao Sarah Hassan na Alfred Munyua wanaigiza wapelelezi wawili wa Nairobi, Makena na Silas. Kila sehemu ina kesi yake, nazo kesi zinafanana na habari tulizozisoma magazetini. Sifa yake ni kwamba inatupeleka katika mitaa tunayoijua na hukumu tunazozibishania. Udhaifu umo katika umbo lenyewe: Makena na Silas hurudi kila juma, nasi tunazidi kuwajua, lakini aliyeuawa ana sehemu moja tu ya kukaa nasi, kisha nafasi yake huchukuliwa na mwingine. Mwaka uliofuata ulikuja mchezo wa Igiza, unaoikaribia zaidi dunia ya mitindo. Serah Ndanu anawaigiza humo pacha wawili, mmoja mbunifu wa mavazi mwenye jina, na mmoja akajitwalia maisha ya mwenzake. Hata jina la mchezo ni fundisho. Unatuonyesha jinsi watu wanavyolisadiki gauni na mwendo, wasimwulize aliye ndani. Kwa kulifanya swali la "huyu ni nani?" liwe moyo wa hadithi, Igiza umekaribia jambo ninalolitafuta.

Pengine utasema: mwalimu, huu ni mchezo tu, mbona unausumbukia? Nitakujibu kwa tukio la kweli. Ukiifuata barabara kuu kutoka Nakuru ukapanda Timboroa, utafika Eldoret. Huko katika kaunti ya Uasin Gishu, mapema mwezi wa Januari 2023, mwili wa kijana Edwin Chiloba ulikutwa ndani ya sanduku la chuma kando ya barabara. Alikuwa mbunifu wa mavazi na mwanamitindo, tena mtu aliyejitokeza kuzitetea haki za watu wanaobaguliwa kwa ajili ya jinsia ya wale wawapendao. Kabla hajazikwa, watu wengi walikuwa wamekwisha kuanza kubishana juu ya namna alivyovaa na namna alivyoishi, kana kwamba kifo chake ni kipindi cha jioni na wao ni watazamaji waliopewa haki ya kumchagua mwenye kosa. Kesi yenyewe haikwenda kwa mwendo wa televisheni. Ilikuwa Desemba 2024, karibu miaka miwili baadaye, Mahakama Kuu ya Eldoret ilipomhukumu mtu aliyekuwa akiishi naye kifungo cha miaka 50.

Siwezi kusema kwamba michezo ya upelelezi ndiyo iliyowafundisha watu ugumu ule wa moyo. Ninalosema ni kwamba mtu aliyezoea kuona maiti nzuri kila juma, asiulize jina lake, amezoezwa kwa jambo baya. Na siku mauti yatakapofika mtaani kwake, atatafuta kwanza kisa, na huruma ataitafuta baadaye, kama ataitafuta.

Yuko atakayejitetea kwamba saa moja ya mchezo haitoshi kuyaeleza maisha ya mtu. La hasha! Wasifu wa mazishini husomwa kwa dakika chache, nasi tunaondoka tukimjua marehemu. Mtungaji hahitaji hotuba. Na atuonyeshe chumba alichopanga yule binti, na viatu vyake vya kawaida chini ya kitanda. Na amwache mama yake amalize jibu lake. Na atuonyeshe majirani wakija matangani na sukari na majani ya chai. Michezo ya ng'ambo haina matanga, kwa sababu watunzi wake hawakukulia penye matanga. Sisi tumekulia hapo. Tukiiga umbo lao tukaiacha desturi hii nje ya mlango, tutakuwa tumeazima sahani tukakiacha chakula.

Basi, msomaji, utakapokaa tena mbele ya televisheni na muuaji akatajwa na muziki ukapigwa, usiinuke upesi. Jiulize maswali matatu. Aliyekufa aliitwa nani? Kabla ya kufa alikuwa akitaka nini maishani mwake? Na ni nani, katika hadithi hii, aliyemlilia? Ukiweza kuyajibu, mchezo ule umetungwa na mtu mwenye moyo, nao wastahili sifa hata kama uliweza kumtambua muuaji tangu mwanzo. Ukishindwa, chukua kalamu uandike wewe mwenyewe ule wasifu uliokosekana: mahali alipozaliwa, shule aliyosoma, watu aliowaacha. Wanachuo wangu walifanya hivyo, kila mmoja akamzaa binti yule mahali pake, mmoja Njoro, mmoja Gilgil, mmoja Molo. Tulipozisoma karatasi zile kwa sauti, darasa lilinyamaza, kama watu wanyamazavyo makaburini.